Mama Aliyemuulizia Dereva

Haya yalitokea hapa Misigiri, mchana, nikiwa nayatazama. Sikusimuliwa na mtu. Mimi nauza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu, pombe sinywi, na siku hiyo sikuwa hata na homa. Uamini au usiamini, ila nisikilize mpaka mwisho.

Tulipomzika Mzee Gidioni, kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa nje. Wasifu wake ukasomwa: kazaliwa Iramba hii hii, kaendesha malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi miaka mingi, kastaafu miguu ilipoanza kuuma, akawa mzee wa kanisa. Yote kweli. Ndiye aliyekuwa anafungua kanisa Jumapili, anapanga mabenchi, anapangusa vumbi kwa kitambaa chake mwenyewe. Nilipofiwa na mume wangu alikuja kila siku mwezi mzima kunisomea zaburi, kisha anaondoka bila kunywa hata chai. Sitaki mtu adhani namsema vibaya.

Ila alikuwa na jambo moja. Hapandi gari. Mtu aliyekula ujana wake kwenye usukani, akitakiwa mjini Kiomboi anatoka alfajiri kwa miguu. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Nimepanda ya kutosha, binti yangu."

Sasa siku yenyewe, Mzee akiwa bado hai. Ilikuwa saa nane, jua kali la kiangazi, barabara tupu. Nikaona mama amesimama mbele ya meza yangu. Sikumwona akija. Alivaa sweta zito, mtoto mgongoni amefungwa kwa kanga, na mguuni alikuwa na kandambili moja. Akanisalimia kwa Kinyiramba cha kizamani, kile alichokuwa anaongea bibi yangu.

"Dereva anakaa wapi?" akauliza.

"Dereva yupi, mama? Madereva wanapita hapa kutwa."

"Gidioni. Aliniambia nimsubiri. Naona anachelewa."

Nilidhani ni ndugu yake wa kijijini. Wewe ungedhani nini? Mguu wa mtoto ulikuwa unaning'inia nje ya kanga, nikaushika kama tunavyowashika watoto wa watu. Niamini, ulikuwa wa moto kama sufuria inayotoka jikoni. Nikauachia. Jioni kiganja kilikuwa na malengelenge, na nesi wa zahanati akaniuliza nimeshika nini.

"Mtoto anaumwa," nikasema.

"Tangu jana. Tunakwenda hospitali."

Nikanyoosha mkono nikamwonyesha nyumba ya Mzee, ile ya nyuma ya kanisa. Akashukuru, akavuka barabara. Vumbi la pale ni jingi, kuku akipita unaona. Yeye hakuacha alama.

Kabla jua halijazama Mzee Gidioni akaja kwangu. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akakaa kwenye ndoo niliyoifunika, akanisimulia bila kunitazama.

Zamani, akiwa peke yake na lori la mzigo, alimpakia mama mmoja chini ya mlima Sekenke. Mtoto anaumwa, mama anaomba afikishwe hospitali. Katikati ya mlima mtoto akashikwa na degedege. Mzee akaogopa. Akifa mtoto ndani ya lori, na abiria hawaruhusiwi, ataeleza nini polisi? Akasimama kwenye kona. Akamwambia yule mama, "Mbele kuna trafiki. Shuka unisubiri hapa, nikishawapita narudi kuwachukua." Mbele hapakuwa na trafiki. Hakurudi. Wiki iliyofuata alipita pale na mzigo mwingine, akaona kandambili moja kwenye nyasi. Enzi hizo fisi walikuwa wengi mlimani. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Leo amekuja vile vile," akasema. "Sweta lile lile. Mtoto hajakua."

"Umemwomba msamaha, baba?"

"Nimepiga magoti. Akaniuliza kama trafiki wameshaondoka."

Akatoa kitambaa chake, akajipangusa uso.

"Miaka yote namwomba Mungu anisamehe," akasema. "Labda amenisamehe. Lakini yule mama hajui kama kuna kosa. Yeye anajua nachelewa tu."

Asubuhi nilimwona amevaa koti lake la kanisani, amesimama upande wa pili wa barabara, anasimamisha lori linaloelekea Sekenke. Likasimama, akapanda. Nilitaka kumwita. Sikumwita.

Walimkuta mchana, kwenye kona ya mlima, ameketi kando ya lami, amekufa. Hakuna jeraha. Lakini waliombeba walisema mikono yake ilikuwa imekakamaa nyuma ya mgongo, viganja vimeshikana, kama mtu anayemshikilia mtoto asianguke. Ilibidi tumzike hivyo hivyo, amelala kwa ubavu.

Unadhani yakaisha? Mimi pia nilidhani. Nilijiambia amemlipa kwa roho yake, yule mama sasa amefika.

Baada ya wiki mbili, saa nane, akasimama mbele ya meza yangu.

"Dereva anakaa wapi?"

Nikamwambia amekufa. Akanitazama kama sijasema kitu, akauliza tena. Nikamwita mchungaji. Siku yule mama alipokuja tena, mchungaji aliomba muda mrefu, jasho linamtoka. Yule mama aliinamisha kichwa, akangoja, akaitikia amina pamoja nasi. Kisha akamuuliza mchungaji njia. Mwezi ule ule mchungaji akaomba kuhamishwa.

Mimi nimebaki. Nihamie wapi? Kila kiangazi anakuja. Nampa maji, hayanywi. Nimejaribu kumwonyesha hospitali, haendi, anasema atapishana na dereva njiani. Mtoto yule hajawahi kulia hata siku moja.

Kwa hiyo wewe unayeendesha gari, shika hili kwangu. Ukishampakia mgonjwa, mfikishe. Hata akifia mikononi mwako, hata wakikufunga, mfikishe.