Bwawa la Ina Lisin na Watu wa Ndoo

Miaka minne ninaandika gazetini, na makala zangu hazijawahi kumdhuru hata sisimizi. Hilo naliweka mbele kabisa, kabla mama huyu hajaanza kuongea.

Saa kumi na moja alfajiri, Ina Lisin, yaani Mama Lisin kwa Kiamis, mwenye miaka sitini na moja, anafagia mchanga mbele ya mabafu ya ufukwe wetu, kaskazini mwa mji wa Taitung, Taiwan. Mawimbi yanagonga kokoto kwa kishindo, ukitaka kusalimia lazima upayuke. Vijana wa Taipei wameshabeba mbao zao, wanakwenda kuyapanda.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa. "Mshahara unanifikisha tarehe kumi na tano," anasema. "Kuanzia hapo bahari inanipokea."

Bahari anayoisema ni bwawa la miambani, nyuma ya vichaka vya mikadi, mwendo wa dakika ishirini. Maji yanapokupwa alikuwa akiokota konokono na mwani humo, na pweza siku ya bahati. Alionyeshwa na mama yake.

"Siku hizi naokota ndala," anasema. "Tena za kushoto tupu. Sijui hawa watu wanarudije kwao."

Anacheka. Mimi nacheka kuliko inavyohitajika.

Yalianza mwaka jana, gazeti lilipochapa makala kuhusu vivutio vya pwani hii: mawimbi, rasi, mapango, na bwawa lake, ramani ikiwa pembeni. Jumamosi moja alihesabu magari mia na kumi.

"Mwandishi alijiona mchekeshaji," anasema. "Kaandika, 'Njooni na ndoo.' Basi wakaja na ndoo."

"Labda alikuwa anatania, Ina."

"Konokono hawajui utani, mwanangu."

Mwezi wa nne mama yake akafariki. Sisi Waamis, wenyeji wa pwani hii, hatumalizi msiba kwa kuzika tu. Ndugu hushuka baharini, huvua, hula pamoja walichopata. Hiyo ndiyo pakelang, na isipofanyika msiba unabaki wazi. Watu kumi na wanane waliingia bwawani, wakainama saa tatu nzima. Walitoka na konokono saba.

"Ikabidi shemeji aende mjini kununua samaki wa barafu," anasema, akiutazama ufagio. "Mama alinilisha bwawa lile tangu sina meno. Nikamuaga kwa samaki wenye karatasi ya bei mgongoni. Mashangazi walikula, hawakusema neno. Afadhali wangesema."

Mwandishi yule ni mimi. Gazetini natumia jina la Kichina lililo kwenye kitambulisho. Huku kila mtu ananiita Tefi, na Ina hajaunganisha majina hayo mawili. Nimekuja nikiwa na nia ya kumwambia. Kwanza nilisubiri amalize kufagia. Halafu nikasubiri chai. Chai nimeshakunywa vikombe viwili.

Sasa binti yake, Hongay, anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na harusi nayo hufungwa kwa pakelang. Ina amewaomba wanaume wa kijiji walilinde bwawa kwa zamu, asiingie mtu, hata yeye mwenyewe. Juzi, kwa mbali, aliona konokono wachanga, kama punje za mchele.

"Sitaki mengi," anasema. "Sufuria moja. Ile ndogo. Binti yangu asifungiwe harusi na friji."

"Na mimi niwekeni kwenye zamu," namwambia.

"Wewe Tefi? Wimbi la magotini lilikuvua suruali mbele ya kwaya ya kanisa."

Anapitia hapo Faki Ofad, yaani Mjomba Ofad, kaka yake Ina, ananitazama mimi na kamera yangu.

"Umerudi, bwana picha," anasema. "Safari hii sikubebei viatu."

"Viatu gani?" anauliza Ina Lisin.

"Vyake. Mwaka jana, tulipokutana akitoka bwawani. Angevibebaje, na kila mkono una ndoo imejaa konokono mpaka juu?"