Gego la Babu

Nyanya yangu alivaa jino la mumewe shingoni, na usinikodolee macho, si mimi niliyemvisha. Lilikuwa gego, liling'olewa babu akiwa hai na akinguruma kama gari la moshi alilokuwa akiliendesha. Jirani yetu mchongaji wa vinyago akalitoboa, akapitisha waya mwembamba wa shaba, na mtaa wetu mzima wa Makongeni ukazoea. Babu mwenyewe aliwaonyesha wageni: "Hilo limestaafu kabla yangu."

Halafu babu akafa. Wazee wakaja kutoka Ukambani, wakajaa sebuleni, wakasema hawali kitu mpaka jino lirudi kwa mwenyewe. Chai walikunywa, lakini.

"Shemeji, mtu huzikwa mzima," kaka yake babu akaanza.

"Mzima? Yale meno mengine aliyatemea Jogoo Road. Nendeni mkayaokote kwanza!"

"Shemeji, tafadhali."

"Nimelala na mdomo wake wote tangu nikiwa msichana, hamkunipa hata pole. Leo jino moja linawatisha?"

Nilicheka, nikafukuzwa hadi mlangoni. Mzee akapunguza sauti.

"Usipompa, atarudi kulichukua."

Nyanya akalishika lile jino.

"Una hakika?"

"Kabisa."

"Basi sitoi ng'o!"

Babu akazikwa na pengo lake. Tangu hapo nyanya akakataa mlango kutiwa komeo. Mlango wazi, usiku, Eastlands, jamani! Nikifunga, anafungua. Tuligombana mpaka majirani wakachoka kutuamua. Na kila jioni aliacha mezani thamosi ya chai na kikombe cha babu.

Wezi wakaja, wangekosaje? Asubuhi redio hakuna, pasi hakuna, viatu vyangu vya shule hakuna. Nikaingia chumbani kwake nikifoka. Alikuwa ameketi kitandani, jino kiganjani.

"Nilisikia mlango," akasema. "Nikamwambia chai iko kwenye thamosi."

Nikarudi kutazama. Kweli, kikombe kilikuwa kimenywewa hadi majani.

"Amekunywa akaenda zake," nyanya akasema. "Hata jino hakuniuliza. Mimi niko hapa, macho, na hakuniuliza."

Akaanza kulia. Sijawahi kuona mtu akilia hivyo, hata kule makaburini hakulia. Hasira yote ikaniisha.

"Amesahau tu, nyanya," nikamwambia. "Unamjua. Atarudi."

Jioni nilijaza thamosi mimi mwenyewe, na komeo sikuligusa. Kwani kulikuwa kumebaki nini cha kuiba?