Mume wangu anataka niandike "Hakuna"

Admin, nashukuru kwa kunifichia jina. Nina miaka ishirini na nane, mwalimu wa sekondari hapa Sumbawanga, naishi Izia na mume wangu ambaye ni askari. Bado hatujapata mtoto. Nachapa kwa kidole gumba cha mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto umefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali; mfupa ulivunjika sehemu mbili. Aliyeuvunja ni yeye, na nampenda. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjanitukana.

Mwaka juzi alipangiwa kikosi cha kulinda amani nje ya nchi. Huko, juu ya mshahara, wanalipwa posho ya mazingira ya hatari. Posho ile iliezeka bati nyumba ya wakwe zangu kijijini, ikanunua na maksai wawili wa kulimia. Shemeji yangu, mtu wa utani, akawapa majina: mmoja Posho, mwingine Hatari. Nilimsimulia mume wangu kwenye simu, akacheka sana. Kisha, kwa sauti ileile ya kucheka, akaniambia, "Leo gari la mbele yetu limekanyaga bomu. Yule rafiki yangu uliyempikia pilau hapo nyumbani, tumemkusanya kwa koleo." Simu ikakatika. Sikuwahi kumuuliza tena, naye hakuwahi kurudia.

Siku aliyotua nchini posho ilikoma. Ndivyo utaratibu ulivyo: kazi ya hatari imekwisha, na malipo yake yamekwisha. Wakwe walichinja mbuzi, katekista akaja kusali. Mume wangu alikaa kwenye kiti ameegemea ukuta na hakutaka mtu yeyote apite nyuma yake.

Mwezi wa sita tulikwenda kwao kusaidia kupura maharage. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, jua kali, upepo wa baridi. Tulikuwa watu sita uani tumezunguka rundo, kila mtu na fimbo yake, tunapiga kwa kupokezana. Maganda makavu yalikuwa yanapasuka, pa, pa, pa. Nilimwona mume wangu ametupa fimbo na kulala kifudifudi juu ya maharage. Mama mkwe akacheka, "Mjeshi gani huyu anachoka kabla ya wanawake?" Nilimwinamia nimguse bega. Hapo ndipo alipoinuka na fimbo yangu mkononi mwake. Pigo la kwanza lilinipata mgongoni. La pili nililikinga kwa mkono, nikasikia mfupa wangu ukilia kama ganda la maharage. Hakuacha. Alinipiga bila kunitazama, akihesabu kwa sauti, mpaka baba yake na shemeji walipomrukia. Baba yake aling'olewa meno mawili kwa kiwiko. Damu ikatiririka juu ya maharage, na baadaye tuliyaosha, tukayala.

Njiani kwenda hospitali mama mkwe alinishika magoti. "Mke wa mwanangu, sema umeteleza. Ukisema umepigwa watataka PF3, na PF3 ni polisi. Mtoto atapoteza kazi." Nikasema nimeteleza. Jioni nikiwa kitandani shemeji akanitania ili nicheke, maana Posho alikuwa ameshauzwa tukanunua mbolea: "Shemeji, unaona? Posho kaondoka, Hatari kabaki." Wote walicheka. Hata mimi nilicheka, mkono ukiwa umefungwa shingoni.

Wiki tatu baadaye niliangusha mfuniko wa sufuria jikoni. Alinikaba mpaka nikajikojolea. Aliponiachia alikaa sakafuni, akanifuta miguu kwa shati lake huku akilia, "Nilidhani ni wao. Nisamehe, mke wangu, nilidhani ni wao."

Sasa jina lake limerudi kwa safari ya pili. Ameletewa fomu ya afya, na ukurasa wa tatu ni wa mwenza: eleza mabadiliko ya tabia uliyoyaona tangu arudi. Aliiweka mezani juu ya madaftari ya wanafunzi wangu.

"Mwalimu, andika hapo 'Hakuna'."

Nikamwambia, "Baba, fomu inasema ukiumia akili kazini unatibiwa kwa gharama ya serikali. Ni haki yako kama vile ungeumia mguu."

"Mimi kichaa?"

"Sijasema hivyo."

"Wataninyang'anya silaha wanipeleke ghalani nikahesabu viatu. Wazee watakula nini, digrii yako?" Akanisogelea sikioni. "Andika neno moja. Ukiongeza la pili navunja na huo mkono wa kulia, uje usahihishe madaftari kwa meno."

Lakini hofu hiyo sio iliyonileta hapa. Kuna karatasi ya stahiki iliyoambatanishwa na fomu: mshahara, posho, matibabu, ulemavu, kifo. Mrithi wake ni mimi. Kipengele cha kifo nimekisoma mara nne, mlango nimeufunga, na mara ya nne niligundua kwamba nilikuwa natabasamu. Nikiandika "Hakuna" ataondoka, nitalala mwaka mzima bila kupigwa, na huenda asirudi. Na huko atapewa bunduki. Mkono ulioshika fimbo ya maharage utashika bunduki mbele ya wake za watu wengine wanaoangusha mifuniko ya sufuria.

Nikiandika ukweli atabaki, labda atatibiwa. Lakini atabaki humu ndani, na mimi.

Jana mama mkwe alipiga simu. Nilimwamkia, hakuitikia shikamoo yangu. "Usituharibie," alisema. Nikamjibu, "Mama, ile posho ya hatari tuliila wote. Hatari yenyewe naila peke yangu." Akakata simu.

Fomu inarudishwa Jumatatu. Nimeshaandika herufi ya kwanza, H. Inaweza kuwa "Hakuna". Inaweza kuwa "Hunipiga". Ndugu zangu, hasa ninyi mlioolewa na watu waliotoka huko, niambieni: ningekuwa dada yenu, mngenishika mkono niimalizieje?