Nilikuwa Mdomo wa Mkunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga kitambaa cheupe kichwani, nikasimama kando ya kitanda cha kuzalia. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Kisangani, mji ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville. Baba yangu alikuwa mpishi wa wamisionari Waingereza. Mimi nililelewa jikoni kwao, nikaokota Kiingereza nikicheza na watoto wao. Kwa sababu hiyo tu, Daktari Mkuu wa misheni aliniweka niwe mkalimani wa mkunga mpya aliyetoka Uingereza. Tulimwita Mademoiselle. Alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii, lakini mambo yakiharibika Kiswahili chote kilimtoka, akabaki na lugha ya mama yake.

Asubuhi ile mzazi mmoja alianza kuteleza kitandani kwa uchungu. Mademoiselle akapiga kelele, "Hold on to her!" Mimi nilisikia "hold on", neno ambalo mke wa mmisionari alilitumia kila siku kusema ngoja kidogo. Nikangoja. Mademoiselle akamdaka yule mama peke yake, bega lake likagonga ukuta.

Daktari Mkuu aliniita barazani. Hakufoka.

"Sikiliza, mutoto wangu," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Kiingereza inaweka maana ku mukia. 'Hold on' ni kungoja. Ukiongeza 'to', ni kushika kwa nguvu. Usikimbie na kichwa ya neno. Mara ingine mikia iko mbili."

"Na kama sikusikia mukia, Papa Daktari?"

"Utauliza."

"Hata kama mutu anakufa?"

"Pale ndiyo utauliza zaidi."

Nilitoka pale nikiogopa kuliko nilivyoingia. Sisi tunasema shika, shikia, shikilia, shikana, na maana inakaa ndani ya neno lenyewe. Waingereza huacha vipande vyao nje, na kipande kidogo kabisa kinageuza yote. "Run out" ni kutoka mbio. "Run out of" ni kuishiwa. Mademoiselle akilalamika kwamba tume-"run out of" uzi wa kushonea, sikutakiwa kumkimbiza mtu. "Give up" ni kuacha. "Give up on" ni kumkatia mtu tamaa. Nilikuwa nikiyarudia nikifua mashuka, na bado usingizini niliyachanganya.

Baadaye tulihamishiwa Ubundu, mwisho wa reli, kwenye zahanati isiyo na daktari. Daktari Mkuu alibaki mjini. Tulikuwa wawili tu.

Adhuhuri moja aliletwa Mama Henriette, mke wa mvuvi. Mumewe, Papa Gaston, alisimama nje ya dirisha, tukawa tunamsikia akiomba Mungu. Kichwa cha mtoto kilitoka vizuri. Halafu nikaona uso wa Mademoiselle unapauka. Kamba ya kitovu ilikuwa imezunguka shingo ya mtoto, imekaza.

"Hold off!" alisema. "Tell her to hold off pushing!"

Sikulijua. Nilijua la kungoja, la kushikilia, na "hold out", la kuvumilia. Mkia huu ulikuwa mpya. Je, anamtaka avumilie huku akisukuma, au aache? Mama Henriette alikuwa ameshavuta pumzi, macho yote kwangu. "Anasema nini? Nisukume?"

Nilimgeukia Mademoiselle, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba neno hilo silijui, anionyeshe.

Niliona hasira ikipita usoni pake. Kisha akafungua mdomo, akahema upesi upesi kama mbwa aliyekimbia juani, huku akitikisa kichwa kukataa.

"Mama, usisukume!" nikapiga kelele. "Acha kabisa! Hema kama mimi, hivi!"

Tukahema, mimi na yeye, uso kwa uso. Mademoiselle alibana kamba mahali pawili, akakata katikati.

"Bon, haya, sasa sukuma!" nikamwambia, Mademoiselle aliponiashiria.

Mtoto alitoka wa buluu, kimya. Mademoiselle alimfuta, akampulizia pumzi mdomoni, akawa ananong'ona. Nilisikia "give up". Mama Henriette aliuona uso wangu.

"Ameacha? Sema! Ameacha mutoto wangu?"

Niliinama karibu na mdomo wa Mademoiselle, nikangoja anong'one tena, nikayasikia maneno yote hadi mwisho: "I won't give up on you."

"Hapana, Mama," nikasema. "Anamuambia mutoto, mimi sikukatii tamaa."

Tukangoja. Mtoto akakohoa, akakohoa tena, akalia kwa hasira, na nje ya dirisha baba yake akalia pamoja naye.

Mademoiselle alirudi kwao. Mimi nilisomea ukunga, nikazalisha miaka mingi hapa mjini, mtaa wa Mangobo, kwa Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Siku niliyostaafu, mganga mkuu wa hospitali alinisifu mbele ya wote kwamba mkono wangu haukujua kutetemeka. Nilikuwa nimeificha mikono mfukoni.

Mjukuu wangu sasa anasomea kazi hii. Juzi alirudi kutoka hospitali, hata pondu, kisamvu anachokipenda, hakugusa.

"Koko, bibi yangu," aliniuliza, "woga unaisha mwaka wa ngapi?"

"Sijui, mutoto wangu," nikamjibu. "Mimi nilienda pensheni, bado haujaisha."