Jiwe la Mama Kinya

Jirani yangu Wawira hajawahi kugonga hata kuku, lakini kwa miaka kumi na mmoja alijulikana huku kwetu Meru kama mwanamke wa rivasi, yaani wa kurudi kinyumenyume. Aliyeeneza sifa hiyo ni mumewe, Marete. Kila harusi, kila harambee, kila mahali palipogawanywa soda, Marete alisimama akasema, "Mke wangu ndiye dereva pekee anayeingia sokoni kwa rivasi!" Watu waliangua kicheko, naye Wawira akaendelea kumimina chai. Mimi pia nilicheka, na leo nasema wazi kwamba naona aibu.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Siku ya soko alikuwa akipanda kile kimlima cha kuingia soko la Gakoromone, mkokoteni wa kabeji ukasimama ghafla mbele yake. Akakanyaga breki. Mkokoteni ulipoondoka, aliachia breki kabla klachi haijashika, na gari likarudi nyuma taratibu likakaa juu ya ndizi za Kathure, yule mama anayeuza pale ukingoni. Kathure aliruka kando akapoteza kiatu kimoja. Hakuna aliyeumia, ila soko zima lilisimama kutazama, na Wawira akabaki ndani ameukumbatia usukani mpaka Marete alipokuja kwa bodaboda kumtoa.

Marete hakumgombeza, na hapo ndipo ubaya ulipo. Alilipia ndizi, akampapasa mkewe begani, akatia ufunguo mfukoni, akasema, "Wewe pumzika, Mama Kinya. Nitakuwa nakupeleka mimi." Kinya ni binti yao, siku hizi anafanya kazi Nairobi. Ufunguo haukutoka tena kwenye mfuko ule. Mwanamume akikufokea unaweza kujibu, lakini akikuhurumia mbele za watu utasema nini?

Na kupelekwa si kwenda. Wawira alizaliwa Manyatta, kule Embu, na mamake yungali hai, ana miaka themanini na mitatu. Masikio yamechoka, kwa hiyo simu haimfai. Miguu haimfikishi barabarani, kwa hiyo magari ya abiria hayamfai. Anachotamani bibi yule ni kitu kimoja tu, kutolewa nyumbani apelekwe kanisani Jumapili akakae na wenzake. Wawira alikuwa akimwomba Marete ampeleke, naye Marete alipata nafasi Krismasi hadi Krismasi.

Mwaka huu, baada ya mvua kukatika, Marete alipatikana na presha ya macho. Daktari akamwambia asishike usukani tena. Alibisha wiki nzima, kisha akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe saa sita mchana, ndipo akaamini. Jioni hiyo nilikuwa kwao nikimpima Wawira gauni, maana kazi yangu ni kushona na tunatenganishwa na ua tu. Marete akatangaza kwamba amepata mnunuzi wa gari.

"Anaitwa Gichovi, ni mtu wa Embu, anakaa Dallas, ule mtaa wa pale mjini Embu. Atakuja Jumamosi ya tatu kutoka leo, arudi nalo. Nimeshampa neno."

"Unauza gari?" Wawira akauliza.

"Sasa litakaa hapa kufanya nini? Kuku watalalia mayai ndani. Hapa kwetu hakuna dereva."

Wawira akasimama vilevile, pini zangu zikiwa zimemjaa kwapani, akaenda chumbani, akarudi na leseni yake, akaiweka mezani kando ya kikombe cha mumewe. Marete aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, mwisho akanipa mimi niisome. Ilikuwa hai. Mwanamke huyu alikuwa ameilipia miaka yote hiyo kwa pesa za mayai, bila kumwambia mtu, hata mimi ninayejua mpaka kipimo cha kiuno chake.

"Leseni si kuendesha," Marete akasema.

"Najua. Lete ufunguo."

"Mama Kinya, tafadhali. Tusichekwe tena."

"Tusichekwe na nani? Aliyekuwa anachekesha watu ni wewe!"

Marete akatoa ufunguo akauweka juu ya leseni. Hakuwa ameshindwa, ila aliamini kwamba siku mbili zingetosha kumrudishia mkewe akili.

Kesho yake, kabla jua halijashika majani chai, Wawira alinigongea dirisha. Alikuwa amebeba jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, bapa upande mmoja. Hapa kwetu kwenye miinuko, gari kuukuu likisimama mlimani, abiria mmoja hushuka mbio akaweka jiwe nyuma ya tairi. Nikajua papo hapo abiria huyo ni nani.

"Goti langu la kushoto unalijua," nikamwambia.

"La kulia liko sawa. Ingia."

Tulianzia kwenye barabara ya murram, isiyo na lami, inayoelekea kituo cha kupokelea majani chai. Mikono yake ilikuwa imelowa jasho, akawa anaifuta kwenye leso kila mara. Gari likazima. Akaliwasha, likaruka, likazima tena. Kila mwinuko alipiga kelele, "Jiwe!" nami niliruka nje, nikachechemea nyuma, nikalisukuma jiwe chini ya tairi, nikapiga bodi makofi mawili. Hapo ndipo alipothubutu kuondoa mguu kwenye breki. Gari likishaondoka, mimi nilibaki nyuma kwenye vumbi na jiwe langu kifuani, nikipanda mlima kwa miguu kumfuata. Wiki ya kwanza nilipanda milima mingi kuliko gari.

Siku ya tatu alizima gari katikati ya daraja dogo, na nyuma yetu ikaja pikapu ya miraa. Hao hawajui kungoja. Dereva alibonyeza honi mpaka ndege wakaruka, akatoa kichwa nje.

"Mathe! Shuka upewe kitu ya kuendesha! Kwani hiyo gari ni ya bibilia?"

Nilijua Wawira atalia. Lakini aliteremsha kioo, akatoa kichwa chake pia.

"Kijana, mimi nilipata leseni ukiwa bado unanyonya. Ngoja hapo!"

Akaliwasha mara mbili, likakubali, tukaondoka polepole sana, kwa makusudi nadhani. Tulipofika mahali pa kupishana alisimama kando, akaanza tena kuifuta mikono kwenye leso. Nikamwuliza kama anaogopa.

"Kuogopa naogopa, Winrose. Nimeogopa miaka kumi na mmoja nikiwa nimekaa. Afadhali niogope nikienda."

Walimwengu nao walikuwa na ushauri. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama alimwambia abandike herufi L nyekundu ya mwanafunzi nyuma ili watu wamhurumie. Wawira alimjibu kwamba huruma ameshakula ya kutosha. Mwingine akamkumbusha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. "Ni kweli," Wawira akasema, "lakini haachi kusuka mkeka."

Marete alikuwa akisimama langoni kila tulipotoka. Haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima, na gari lilipozima mbele ya nyumba alitikisa kichwa. Akaendelea kumpigia Gichovi simu. Jumamosi ni Jumamosi, alimwambia.

Wiki ya pili likatokea jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Tulikuwa kwenye mlima wa kanisani, mkali kuliko yote. Wawira akasimamisha gari, akaita jiwe, nami nikaruka. Goti likakataa. Nilifika nyuma nimechelewa, nikaliangusha jiwe ovyo, nikapiga bodi makofi. Gari likanguruma, likasimama palepale kidogo, kisha likapanda bila kurudi hata kidogo. Wawira aliliegesha huko juu akateremka kwa miguu kunipokea. Alinikuta nimeinama juu ya jiwe. Alama ya tairi ilikuwa huku, jiwe lilikuwa kule, na kati yake nyasi zilikuwa zimesimama wima. Tairi halikuwa limeligusa.

Alizitazama nyasi zile kwa muda mrefu. Kisha akanisaidia kubeba jiwe, akaniuliza kama gauni lake limekwisha. Sikufikiri zaidi, nilikuwa nalihurumia goti langu.

Jumamosi ikafika. Gichovi alishuka kutoka kwenye matatu akiwa na kikoba kidogo na kofia, mtu mpole, mwenye kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Alilizunguka gari, akalipiga teke tairi, akafungua boneti, akanusa. Baada ya chai alisema, "Bwana Marete, gari husemea mlimani. Wacha nilipandishe mahali, nisikie injini."

Akanyoosha mkono wa kupokea ufunguo. Wawira alikuwa ameshaushika.

"Gari ya watu haiendeshwi na mgeni kabla hajalipa," akasema. "Nitakuendesha mimi. Wewe sikiliza."

Gichovi akamtazama Marete. Marete akajikuna shingo, akasema, "Basi, Mama Kinya, hapa tu kwa barabara ya chai."

"Ingieni."

Marete alikaa mbele, mimi na Gichovi nyuma. Barabara ya chai tuliipita bila hata kuiangalia. Tulipoingia lami Marete akauliza tunaenda wapi, na Wawira akamjibu kwamba mgeni ametaka mlima. Hapo nami nikaushika mlango kwa nguvu, kwa sababu mlima mmoja tu ndio uliobaki ambao hatukuwahi kuujaribu.

Siku ile ilikuwa ya soko. Gakoromone ilikuwa imefurika: viazi, kabeji, wanawake na miavuli yao, mikokoteni ikisukumwa na watu wasiotazama nyuma. Tulipoanza kupanda nilimwona Kathure palepale ukingoni, na ndizi zake. Naye alituona. Alisoma nambari ya gari, akadaka mkungu wa kwanza.

"Ni ile gari! Toeni ndizi! Toeni ndizi!"

Wanawake wakaanza kunyanyua mikungu na kuikimbiza kando, wakicheka, wakiitana. Na kama vile shetani ndiye aliyeipanga siku hiyo, mkokoteni uliokuwa mbele yetu ukasimama. Wawira akakanyaga breki. Nyuma yetu lori la mchanga likasimama pia, karibu mno, kioo cha nyuma kikajaa pua yake.

Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya kiti cha Marete, mahali pa jiwe. Nikapapasa huku na huko. Palikuwa na zulia tu.

"Mama Kinya," nikanong'ona, "jiwe liko wapi?"

"Nimeliacha nyumbani."

"Umeliacha?"

"Halikuwahi kushika kitu, Winrose. Uliona nyasi." Hakugeuka. "Kaa."

Marete naye alikuwa ameshafungua mlango. Macho hayamwonyeshi kitu lakini alizisikia zile kelele, na alikijua kimlima kile. Mguu mmoja ulikuwa nje tayari. "Wacha nishuke nitafute jiwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kumwonea mkewe uchungu kweli, haikuwa ya dhihaka. "Usiguse kitu. Ngoja nishuke."

"Baba Kinya, rudisha mguu ndani. Funga mlango."

"Lakini—"

"Funga mlango wa gari yangu."

Akaufunga. Mkokoteni ukaondoka. Wawira aliiachia breki ya mguu, breki ya mkono ikiwa imeshika, akakanyaga mafuta mpaka injini ikanguruma, akaipandisha klachi polepole. Gari likainua pua kidogo, kama ng'ombe anayetaka kusimama. Akashusha breki ya mkono.

Halikurudi nyuma hata unene wa ganda la ndizi. Likapanda. Tulimpita Kathure amekumbatia mkungu wake, mdomo wazi, na wale waliokuwa wakicheka hawakujua wafanye nini na nyuso zao. Mimi nililia, sioni haya kusema. Niliona nyasi zile zote zimesimama, na mimi mjinga nimebeba jiwe wiki tatu.

Huko juu Wawira aliegesha kando, akavuta breki ya mkono, akaiweka mikono mapajani. Marete alikuwa amefumba macho.

"Tumefika wapi?" akauliza.

"Tumeshapita," akajibiwa.

Marete akafumbua macho, akatazama nyuma mahali asipopaona vizuri. Gichovi, maskini, hakuwa na habari kwamba lolote limetokea. Aliridhika na injini. Akafungua kikoba, akatoa karatasi na kalamu.

"Mzee, gari ni nzuri. Sasa tuandikiane?"

Marete alizigusa karatasi, asizichukue. Neno lake alikuwa amelitoa, na kwa mwanamume wa huku hilo si jambo dogo. Nilimwona akilimeza kwa shida.

"Gichovi, ndugu yangu, unisamehe," akasema. "Nilikwambia kwetu hakuna dereva. Nilikudanganya. Muulize mwenyewe."

Gichovi akageukia kiti cha mbele. Wawira alikuwa akijitazama kwenye kioo, akijifunga kitambaa cha kichwani upya. Tulifikiri anatafuta maneno. Alikuwa anatafuta njia ya kugeuza gari.

"Kesho ni Jumapili," akasema, "na mama yangu kule Manyatta anangoja kupelekwa kanisani. Naenda leo hii, napitia Embu. Bwana Gichovi, wewe funga mkanda, nitakushusha hapo Dallas."