Mota Iliyoruka na Fensi

Mke wangu alisema mara moja tu, wala hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi kwenye jerikeni iliyolazwa, gambuti bado zina matope, anachua goti.

"Mzee, mimi na hicho kilima tumemalizana. Jumamosi yule mtu wa Dundori anakuja kuangalia ng'ombe. Kama hiyo toroli yako haitakuwa imepanda na maziwa, ataenda naye."

Ile toroli yangu. Niliiahidi viazi vikipandwa, na viazi tulishavila.

Nyumba yetu iko Bahati, chini kabisa ya shamba, na gari la maziwa husimama juu kwenye barabara ya murram. Linafika asubuhi mapema na halimngoji mtu. Mbebaji wa mtungi wa maziwa ningepaswa kuwa mimi, lakini nilipasuliwa ngiri mwaka juzi na daktari akanikataza kuinua au kusukuma kitu kizito. Amri hiyo nimeishika kuliko zile kumi nilizofundishwa kanisani. Basi mwenye goti bovu ndiye akawa anapanda, na mwenye miguu mizima akawa anamfungulia lango.

Toroli yenyewe ilikuwa imekamilika, isipokuwa haikuwa inakwenda. Magurudumu matatu, betri, na mota niliyoitoa kwenye baiskeli ya umeme iliyokufa. Kontrola, yaani kile kisanduku kinachoipa mota stima kwa zamu ili izunguke, niliiunda mwenyewe kwa kufuata video za simu na Fizikia ya kidato cha nne. Alama niliyopata katika Fizikia sitaitaja. Mama yangu bado yuko hai.

Shida ilikuwa sensa. Ndani ya mota ya aina hiyo kuna vidude vitatu vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na miguu mitatu, ambavyo huhisi sumaku zikipita na kuiambia kontrola gurudumu limefika wapi. Bila hivyo kontrola ni kama mtu anayesukuma mwenzake bembea akiwa amefumba macho. Vya kwangu vilikuwa vimeingia maji na kuoza.

Nilikwenda Nakuru mjini, safari ambayo mimi huifanya kwa huzuni. Muuza spea alikuwa binti aliyekuwa akila chapati bila kuniangalia.

"Sensa za mota," nikamwambia.

"Gani, boss? Kuna ya kupima na kuna ya kuwaka na kuzima."

"Nzuri," nikasema.

Akaacha kutafuna. "Zote ni nzuri, boss. Unajua unafanya nini?"

Mtu mwingine angejibu hapana na kurudi nyumbani na kitu sahihi. Mimi nilionyesha kwa kidole zile zilizokuwa karibu na mkono wake. Zilikuwa za kupima, na kontrola yangu haikuzielewa hata kidogo. Siku iliyofuata nilirudi. Yule binti hakunicheka, jambo lililoniuma zaidi. Alinipa zile zinazowaka upande mmoja wa sumaku ukipita, kisha zinakumbuka hivyo hivyo mpaka upande wa pili uje. Nikamwambia nina mke wa aina hiyo nyumbani. Akasema, "Pole kwake."

Ilikuwa Jumatano. Nilifungua mota kwenye meza yangu ya kazi, ambayo iko ndani ya stoo, kati ya majani makavu ya ng'ombe na madebe ya maziwa. Niling'oa vidude vile vilivyooza, nikabandika vipya kwa gundi katika vitundu vyao, nikaunganisha nyaya tano nyembamba kwa risasi ya moto ya kulehemu: moja ya kuleta stima, moja ya kuirudisha, na tatu za kupeleka habari. Nyaya zilikuwa ndefu, zikining'inia na kunikwaza, nikaziinua ukutani kwenye misumari iliyokuwa imeshabeba waya mwingine. Kwetu msumari haukatai mzigo. Msumari mmoja hubeba kofia, kamba ya ndama, kalenda na shati la kwenda mjini.

Nikawasha. Gurudumu likazunguka! Nilicheka peke yangu. Kisha likaruka, kama mtu mwenye kwikwi. Likazunguka vizuri kidogo, likaruka tena.

Nikabadilisha mpangilio wa zile nyaya tatu. Likazunguka kinyumenyume, huku likiruka. Nikarudisha. Alhamisi niling'oa sensa zote tatu na kuweka nyingine za akiba. Kwikwi ikabaki. Nikalaumu gundi. Nikalaumu risasi. Nikamlaumu yule binti na chapati yake. Ijumaa mgongo ulikuwa umekufa ganzi, vidole vimeungua mahali pawili, na akili imefika pale ambapo mtu hutazama bisibisi na kusahau inaitwaje. Nikaanza kufikiria nitakavyomwambia ng'ombe kwaheri. Mjukuu wa ng'ombe wa mama mkwe wangu, huyo. Mke wangu alikuja naye kutoka kwao akiwa ndama, na hakuwa amesema anauza kwa sababu anataka.

Jioni ya Ijumaa aliingia kuchukua ndoo ya kukamulia. Nilikuwa nimewasha mota, ninaikodolea macho tu. Akasimama. Akainamisha kichwa.

"Hii kitu yako inaruka na fensi."

"Inaruka na nini?"

"Na fensi. Sikiza."

Kwenye ukuta ule ule kuna kiboksi cha fensi ya stima inayozuia ng'ombe asiingie kwenye sukuma wiki ya jirani. Kinapiga *tik*, kinanyamaza, kinapiga *tik*. Mimi sikukisikia tena tangu mwaka tulipokifunga. Yeye hukamua akikisikiliza kila siku. Kikinyamaza anajua ng'ombe yuko njiani. *Tik*, gurudumu likaruka. *Tik*, likaruka.

Nikainua macho. Nyaya zangu tano zilikuwa zimelala kwenye misumari bega kwa bega na waya mkubwa wa fensi, mita mbili nzima, zikimeza kila pigo na kuipelekea kontrola kama habari ya sumaku.

"Siku tatu," nikasema.

"Siku tatu umekaa nayo hapo sikioni. Na nyinyi ndio mlisoma." Akachukua ndoo. "Usiizime fensi. Ng'ombe akitoka utamrudisha na hiyo Fizikia."

Nikakata nyaya zikawa fupi, nikazisokota pamoja kama kamba, nikazipitisha upande wa pili wa toroli, mbali na zile nene za mota. Kwikwi ikaisha. Sikushangilia. Nilikuwa nimechoka hata kuona aibu.

Jumamosi asubuhi mtungi ulifungwa kwa mpira, toroli ikaanza kupanda. Njia hufuata fensi mpaka karibu na juu, na moyo wangu ulipanda nayo nguzo kwa nguzo. Ilikwenda polepole, ikinguruma kama mtu anayelalamika lakini anafanya. Mke wangu alitembea kando yake, mikono ndani ya sweta. Sijui mara ya mwisho alipopanda pale mikono mitupu ilikuwa lini. Katikati alisimama kupumzisha goti, kwa mazoea tu, toroli ikampita, ikabidi aikimbilie.

Gari la maziwa lilitukuta tumeshafika. Dereva akauliza mzigo huu umevutwa na nini, nami nikafungua kinywa nieleze habari za sensa.

"Usimwanzishe," mke wangu akamwambia. "Utachelewa."

Kisha akatoa simu na kusogea kando, akampigia mtu wa Dundori. Nilisikia upande wake tu. "Hapana, usije leo... La, si bei... Ngoja mvua iishe kwanza, tuone." Akasikiliza. "Ndiyo, ni yeye ametengeneza. Ndiyo maana nasema tuone."

Akarudisha simu mfukoni, akashika usukani wa toroli. Mimi nikaketi kwenye jiwe kando ya barabara, nikamwacha atangulie kushuka nayo.