Ndimu za Mama na Taa Nyekundu

Siku ya wazazi katika shule ya wasichana ninayofundisha kemia, si mbali na ufuo wa Dunga, stima ilipotea kabla hata hatujaanza. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilifurahi, maana maonyesho yangu hayakuhitaji stima: ndimu nne, misumari ya mabati, vipande vya waya wa shaba, na taa nyekundu ndogo kama punje ya mahindi niliyoing'oa kwenye redio mbovu.

Ndimu zilikuwa za mama yangu, anayekaanga samaki Dunga. Alizichagua mwenyewe, kisha akaja kuketi mstari wa mbele akiwa amejifunga kitambaa chake kizuri cha kanisani.

Nilichoma kila ndimu kwa msumari upande mmoja na shaba upande wa pili, nikaziunganisha kwa waya. Taa haikuwaka. Nikabonyeza, nikachezesha waya, lakini wapi.

"Mwalimu, hizo ndimu zimeoza," mzee mmoja akasema.

Mama akasimama. "Ndimu zangu ziko sawa kabisa!" Akatoa nyingine kwenye mkoba wake, akaikata, akampa yule mzee alambe. Uso wa mzee ulikunjamana hadi macho yakapotea, na darasa zima likaangua kicheko.

Kicheko hicho kiliniokoa. Nilipotulia niliona nimeiunganisha taa kinyume, nayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Nikageuza miguu yake. Ikawaka, hafifu lakini nyekundu kabisa. Wasichana wangu wakapiga vigelegele.

"Kumbe ndimu yangu iko na stima," Mama akasema, akiwatazama majirani zake.

Ilinibidi nimkosoe mbele ya watu. "Hapana, Mama. Msumari umepakwa zinki. Kila atomu ya zinki ina elektroni mbili za nje, na haizishiki sana. Zinatoka, zinapita kwa waya, zinawasha taa, halafu zinafika kwenye shaba. Hapo hidrojeni iliyo kwenye maji ya ndimu inazipokea."

"Mbona zinatoka? Nani amezifukuza?"

"Hakuna. Huku zilikuwa na nishati nyingi, kule zinatulia na nishati kidogo. Ile inayozidi ndiyo hiyo taa unaona."

Akaonyesha ndimu kwa kidole. "Basi ndimu yangu ni ya nini?"

"Bila ndimu hakuna wa kuzipokea. Zinki ingebaki na elektroni zake."

Jibu hilo lilimridhisha. Yule mzee naye akauliza kama zinki inaisha. Nikamwambia ndiyo, inaliwa kidogo kidogo, na ikiisha, taa inazimika.

Jumamosi nilipokwenda Dunga nilimkuta Mama akiwaeleza wateja wake habari za misumari, mwiko ukiwa hewani. Aliponiona akaashiria jiko.

"Nyathina, mwanangu, na hii makaa? Hii pia ni elektroni?"

"Hii pia, Mama. Kaboni ya makaa na oksijeni ya hewa zinashika elektroni kwa pamoja. Zikishikana zinatulia, na nishati inayozidi inatoka kama moto."

"Kumbe kutulia ndiyo kunaleta joto."

"Kwa makaa, ndiyo."

Akacheka, akanisogezea kigoda na sahani ya samaki. "Kaa hapa. Sasa niambie kuhusu chumvi."